Chai ya Asumini Katika Bilauri ya Mvinyo

Msimu uliopita mwanachama wetu mmoja alialikwa mjini kwenye karamu ya usiku pamoja na wageni waliokuja kutazama biashara ya viungo. Alivaa kanzu yake nzuri na koti, akapokewa kwa heshima, akakalishwa katikati ya meza. Chakula kilipoletwa, mwandazi alipita akimimina mvinyo katika bilauri ndefu za kioo, na kila chupa aliieleza: imetoka nchi gani, yafaa kwa samaki au kwa nyama, na harufu yake ni ya nini. Alipomfikia mwanachama wetu aliinama akamwuliza, "Na wewe mzee wangu, nikupe soda gani?" Akaletewa soda nyekundu katika chupa yake, na mrija juu.

Mwenyewe alipotusimulia mambo haya ofisini hakuwa na hasira. Mvinyo hanywi, na soda haimchukizi. Lakini alituambia kwamba wenziwe waliinua bilauri zao wakaanza kuzungumza juu ya kinywaji chao. Huyu asema kinanukia maua, yule asema kinanukia viungo. Na yeye, ambaye umri wake wote ameuishi ndani ya harufu ya maua na viungo, alikuwa ameshika mrija wala hana la kusema. Kisha akatuuliza: Je, hakuna kinywaji kisicho kileo ambacho mtu mzima aweza kukinywa polepole, akakinusa, akakizungumza, akaona naye amekaribishwa sawasawa na wenziwe?

Swali hili si dogo. Sisi watu wa visiwani twajua kwamba heshima ya mgeni huonekana katika kile anachopewa na jinsi anavyopewa. Ndiyo maana nyumbani kwetu mgeni wa arusi hunyunyiziwa marashi na hufukiziwa udi. Kwa hiyo tumeona inafaa kulijibu katika gazeti hili, na jibu letu ni kwamba kinywaji hicho kipo. Ni chai iliyotiwa harufu ya maua, ikapozwa, ikatiwa gesi. Na ua linaloongoza katika chai hiyo si geni kwetu hata kidogo. Ni asumini.

ILIANZAJE HUKO ULAYA

Mtu aliyeipa chai hii jina katika meza za Ulaya ni Bwana Jacob Kocemba wa Copenhagen, mji mkuu wa Denmark. Kazi yake ilikuwa kuchagua mvinyo wa kulingana na kila chakula cha hoteli. Siku moja alikosa mvinyo wa kufaa kitindamlo fulani, akaanza kujaribu kuchanganya chai za namna mbalimbali mpaka akapata ladha aliyoitaka. Baadaye alishirikiana na Bwana Bo Sten Hansen, na mwaka 2017 wakaanzisha kampuni ya kuuza chai hiyo katika chupa nene zenye kizibo, mfano wa chupa za mvinyo wa sherehe. Chupa yao mashuhuri huitwa BLÅ, maana yake buluu, na ndani yake mna chai ya asumini, chai nyeupe na chai ya Darjeeling ya Bara Hindi. Huko Uingereza nako watu wamekwisha kuingia katika kazi hiyohiyo, na bei ya chupa moja hukaribiana na bei ya mvinyo mzuri.

Wanunuzi wake si Waislamu peke yao. Wapo wenye kuendesha magari, wapo wanawake waja wazito, wapo waliokatazwa na daktari, na wapo wale ambao wameamua tu kuacha kileo. Wote hawa walikuwa na shida ileile ya mwanachama wetu: wakifika karamuni hupewa kinywaji cha watoto.

KWA NINI CHAI, NA SI MAJI YA MATUNDA

Yawezekana msomaji atasema: sharubati ya ukwaju, ya pasheni, au maji ya madafu yana kosa gani? Hayana kosa, nasi tutaendelea kuyanywa. Lakini mvinyo huketi vizuri pamoja na chakula kwa sababu una mambo matatu ambayo maji ya matunda matamu hayana yote kwa pamoja. Kwanza una ukali kidogo kama wa ndimu. Pili una harufu zinazofuatana, moja baada ya nyingine. Tatu una ukakasi, ile hali ya kukaza ulimi ambayo sote twaijua tukila bibo au ndizi mbichi.

Ukakasi huo hutokana na vitu viitwavyo tanini. Katika mvinyo mwekundu tanini hutoka katika maganda na kokwa za zabibu, na katika chai hutoka katika jani lenyewe. Kazi yake mezani ni kuusafisha mdomo. Ukila pilau yenye samli au mbuzi wa kuchoma, mafuta huganda ulimini. Funda moja la kinywaji chenye ukakasi huyaondoa, na tonge linalofuata likawa na ladha kama lile la kwanza. Maji matamu hayafanyi hivyo. Huongeza utamu juu ya mafuta, na mtu hushiba kabla ya wakati.

Tena kuna jambo la sukari. Soda nyingi za kawaida zina kiasi cha gramu 100 za sukari katika kila lita. Chai tutakayoieleza hapa yatosheka na sehemu ndogo sana ya sukari hiyo. Katika siku hizi ambapo maradhi ya kisukari yamekuwa mengi majumbani mwetu, hilo nalo si la kudharau.

WANAVYOFANYA WATU WA FUZHOU

Lakini chai yenye gesi isingekuwa na harufu hiyo kama si kazi ya watu wengine wa zamani zaidi, nao ni wakulima wa Fuzhou, katika jimbo la Fujian, kusini mashariki ya Uchina. Huko mashamba ya asumini hukaa mabondeni karibu na mto, na mashamba ya chai hukaa juu milimani. Ustadi wa kuviunganisha viwili hivi umekaa karne nyingi, na mwaka 2014 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutia ukulima huo katika orodha ya urithi wa kilimo wa dunia. Mwaka 2022 UNESCO nayo iliziandika kazi za mikono za kutengeneza chai ya Uchina katika orodha yake ya urithi.

Yafaa mkulima wa karafuu aijue kazi yao, kwa maana ataifahamu upesi kuliko mtu mwingine yeyote. Wachumaji huingia shambani mchana wa siku ya jua kali, huchuma vichwa vya asumini vilivyojaa na kuwa vyeupe, lakini havijachanua. Ua lililochanua tayari halina faida, kwani harufu yake imekwisha kwenda na upepo. Na kichwa kibichi cha kijani hakitachanua kabisa. Kwa hiyo jicho la mchumaji ndilo mizani ya kwanza.

Vichwa hivyo hutandazwa kivulini. Usiku unapoingia, huanza kufunguka, na hapo ndipo vinapotoa harufu kwa wingi. Mara moja huchanganywa na majani makavu ya chai, tabaka kwa tabaka. Maua yakikaa katika chungu hupata joto, basi watu hukesha wakiyageuza yasiungue. Asubuhi maua huchekechwa na kutolewa, na majani ambayo yamekwisha kunywa harufu pamoja na unyevu hukaushwa tena kwa moto. Kisha siku nyingine kazi huanza upya kwa maua mapya. Chai ya kawaida hupitishwa mara chache. Ile nzuri sana hupitishwa mara sita, saba na zaidi. Na mwisho wa kazi yote hiyo, ukiitazama chai bora huoni maua ndani yake. Ua limeondoka, harufu imebaki. Kopo lililojaa petali kavu hupendeza macho, lakini petali hizo si dalili ya ubora.

UA LAO NA UA LETU

Hapa hatuna budi kusimama kidogo. Karafuu nayo ni ua. Sisi hulichuma likiwa kichwa, linapoanza kuwa jekundu na kabla ya kufunguka, na kila mwanachama ajua kwamba karafuu iliyochanua mtini imepoteza thamani. Tofauti yetu na watu wa Fuzhou ni moja. Wao hulichuma ua likiwa limefumba ili lichanue usiku uleule juu ya majani. Sisi hulichuma likiwa limefumba ili lisichanue kamwe, na mafuta yake yabaki ndani. Lakini ilimu ni ileile: kujua siku ya kuchuma, kutochelewa, kuanika sawasawa, kuogopa unyevu. Aliyewahi kukesha na karafuu zake mvua ilipotishia hana haja ya kuelezwa maana ya kukesha na asumini.

Tena asumini tunayo sisi wenyewe. Imo nyuani mwetu. Ndiyo inayotungwa kikuba pamoja na mrehani na kilua, ndiyo inayotandazwa juu ya kitanda cha bibi arusi. Aina wanayoitumia Fuzhou kwa kazi hii ndiyo aina hii nyeupe yenye harufu nzito ya usiku. Twaijua kwa pua na kwa macho, lakini wengi wetu hatukuwahi kuitia kinywani.

GESI YAFANYA KAZI GANI

Watu wengine hudhani kwamba viputo katika bilauri ni pambo tu. Sivyo. Mwaka 2009 wataalamu pamoja na Chuo Kikuu cha Reims nchini Ufaransa walionyesha kwamba viputo vya mvinyo wa sherehe hupanda na harufu, na vikipasuka juu hurusha matone madogo sana yenye harufu nyingi kuliko kinywaji chenyewe. Kwa maneno mengine, kiputo ni mchukuzi: huibeba harufu kutoka chini ya bilauri na kuifikisha puani. Chai baridi isiyo na gesi hunyamaza, kwa sababu baridi huizuia harufu isipande. Gesi huirudishia sauti yake.

Gesi hiyo ni ile inayotoka katika pumzi zetu. Mwingereza Joseph Priestley aliichunguza mwaka 1767 katika mji wa Leeds, akaona kwamba maji yakiwekwa juu ya mapipa ya pombe inayochachuka huinywa gesi ile na kuwa na ladha ya kupendeza. Mwaka 1772 akaandika jinsi ya kuitia gesi katika maji bila ya pombe yoyote, na ndiyo asili ya maji ya soda. Yatupasa kukumbuka vilevile kwamba maji baridi huishika gesi vizuri kuliko maji ya moto. Ndiyo maana soda ya moto ikifunguliwa hufura na kumwagika yote.

JINSI YA KUITENGENEZA NYUMBANI

Tumeijaribu kazi hii kabla ya kuiandika, na mara ya kwanza tuliharibu. Tulichanganya maua na majani usiku, asubuhi tukatoa maua, tukayatia majani katika kopo palepale na kufunika. Baada ya siku tano yalikuwa na ukungu. Sisi, ambao kila msimu huwakumbusha wanachama wasitie guniani karafuu zenye unyevu! Basi msomaji afuate utaratibu huu:

1. Chukua gramu 100 za majani ya chai yaliyo mazima, yasiwe vumbi la pakiti. Chai ya kijani hufaa zaidi, lakini chai nyeusi nzuri ya bara nayo yafaa. Isiwe imekaa ghala moja na karafuu, kwani jani la chai hunywa kila harufu iliyo karibu nalo, nawe utapata chai ya karafuu usiyoitaka.

2. Alasiri chuma kiasi cha gramu 50 za asumini nyeupe, iliyojaa na kufumba. Maua yawe ya nyuani kwako, ambayo wajua hayakupigwa dawa ya wadudu wala kunyunyiziwa manukato. Asumini iliyokwisha kutungwa sokoni usiitumie. Yatandaze juu ya ungo kivulini.

3. Usiku maua yakianza kufunguka, panga tabaka ya chai na tabaka ya maua katika bakuli kubwa la udongo au la kioo. Funika kwa kitambaa cha melimeli na kawa juu yake. Kabla ya kulala geuza mara moja kwa mkono mkavu.

4. Alfajiri chekecha, toa maua yote. Kausha majani katika tanuri yenye moto mdogo kabisa, mlango ukiwa wazi kidogo, au juani chini ya kitambaa chepesi mpaka yavunjike kwa vidole. Jambo hili usilikosee.

5. Rudia kwa maua mapya siku ya pili na ya tatu. Mara tatu zatosha kwa nyumbani. Kisha weka katika kopo lenye kifuniko cha kukaza.

Siku ya kunywa, tia gramu 20 za chai hiyo katika lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, uweke katika friji kwa muda wa saa sita mpaka nane. Maji baridi hutoa harufu polepole na hayatoi uchungu mwingi. Ukiwa na haraka, tumia maji ya moto yaliyoacha kuchemka dakika chache, kwa dakika tatu tu, kisha uchuje na kupoza. Maji yanayotokota huitia chai ya kijani uchungu usiotibika.

Chuja vizuri. Tia maji ya ndimu moja na vijiko vinne vya chai vya sukari, ukoroge mpaka iyeyuke. Weka tena katika friji mpaka iwe baridi sana. Wageni wakikaa, chukua lita moja ya maji ya soda yasiyo na sukari, nayo yawe baridi vilevile, uyamimine taratibu kwenye ubavu wa chombo, nusu kwa nusu na chai. Usikoroge kwa nguvu, gesi itakimbia. Kiasi hicho chatosha bilauri 12 za wastani.

Mwenye mashine ndogo ya gesi aitumie kwa maji matupu tu. Ukiitia chai ndani yake hutoka povu na kuchafua meza nzima.

Na karafuu je? Najua mtauliza. Moja tu katika lita ya chai, ikae saa moja kisha itolewe. Mafuta ya karafuu yana yujino kwa wingi, kitu kilekile kinachotia ganzi jino linalouma. Zikizidi, ulimi hufa ganzi na asumini haisikiki tena. Wala mafuta ya karafuu ya chupa yasitiwe katika kinywaji, ni makali mno.

JINSI YA KUINYWA

Tumia bilauri nyembamba yenye mdomo mdogo kuliko tumbo, ili harufu isitawanyike. Mimina mpaka nusu, si mpaka juu. Usitie barafu ndani, kwani huyeyuka na kuifanya chai kuwa maji; bora upoze chupa. Inuse kwanza. Funda la kwanza likae mdomoni kidogo kabla ya kulimeza, nawe utaona mambo matatu yakifuatana: ndimu mbele, asumini katikati, na ukakasi wa chai ukibaki nyuma.

Chai ya kijani yenye asumini hukaa vizuri na samaki wa kuchoma, pweza, kamba na wali wa nazi. Chai nyeusi yenye asumini yaweza kusimama na pilau na biriani. Ukimaliza kwa halua na kahawa, usiilete tena. Halua ni tamu mno na kahawa ni kali, chai itapotea kati yao. Mwenye kupenda marashi ya mawaridi aweza kutia kijiko kimoja cha chai katika lita, lakini yawe yale ya kupikia. Ndugu zetu wa Oman huyapata hayo katika mawaridi ya Jabal Akhdar, ambayo huchumwa alfajiri kabla ya jua kuyapunguzia harufu. Nao pia wajua kwamba ua halimngoji mtu.

MAMBO YA KUANGALIA

Kwanza, anayenunua chupa kutoka nje asome karatasi yake. Kampuni ile ya Copenhagen hutengeneza chupa zisizo na kileo kabisa na nyingine zenye kileo cha asilimia 5, na sura zake zafanana. Jina la chai peke yake si dhamana.

Pili, chai yenye gesi si sawa na mvinyo uliotolewa kileo. Ule ulikuwa mvinyo kwanza, kisha ukasafishwa, na mara nyingine hubaki masalio. Chai hii haikupata kuwa mvinyo. Vilevile si sawa na kombucha, ambayo ni chai yenye sukari iliyoachwa ichachuke, na ambayo huzaa kileo kidogo. Na mtu akisikia kwamba chai nyeusi "huchachushwa" kiwandani asishituke. Hapo jani hugeuka rangi kwa hewa tu, kama tofaa lililokatwa; kileo hakimo. Masuala ya sheria yanayozidi hayo twawaachia masheikh wetu.

Tatu, mtu asijaribu kutia sukari na hamira katika chupa na kuifunga ili ipate gesi. Atapata kileo asichokitaka, na chupa yaweza kupasuka na kumjeruhi.

Nne, chai ni chai. Humfanya mtu akeshe, basi watoto na wenye kusumbuliwa na usingizi wasipewe usiku. Tena chai pamoja na chakula huzuia mwili usipate madini ya chuma vizuri. Wenye upungufu wa damu na waja wazito waipunguze, na wainywe mbali na chakula.

MWISHO WA KHABARI

Mwanachama aliyetuuliza swali alipewa maelezo haya kabla hayajachapwa. Mwezi uliopita alitualika kwake shambani pamoja na wageni wawili wa ng'ambo waliotaka kuona mikarafuu. Baada ya kutembea juani walikaa barazani, wakaletewa changu wa kuchoma na wali wa nazi, na mbele ya kila mtu bilauri moja ya kioo, chai yake ya rangi ya dhahabu ikipanda viputo. Mgeni mmoja alinusa, akanywa, akanyamaza, kisha akauliza imetoka nchi gani.

Mwenyeji wetu hakujibu. Aliinuka, akamchukua mgeni mpaka pembeni mwa ua, akamwonyesha kichaka kilichokuwa na vichwa vyeupe vinavyongoja jioni. Akamweleza siku ya kuchuma, na kwa nini lililochanua halifai, na jinsi yanavyogeuzwa usiku. Kisha akakata tawi la mkarafuu akamwonyesha vichwa vyetu, naye mgeni akafahamu mara moja kwamba kazi hizi mbili ni ndugu. Walirudi mezani wakizungumza, na safari hii mwenyeji wetu ndiye aliyekuwa na mengi ya kusema kuliko wote.

Hatumshauri mwanachama yeyote kung'oa mkarafuu apande asumini. Biashara ya chupa yataka mitambo, vipimo vya usafi na mtaji, nayo si ya kukurupukia. Shauri letu ni dogo zaidi. Kila nyumba yenye kichaka cha asumini itenge kopo moja la chai, ili anapokuja mgeni asiyekunywa kileo, au siku ya arusi, au jioni ya Idi, kinywaji cha heshima kiwepo, nacho kiwe cha mkono wetu wenyewe. Atakayejaribu na atuandikie: chai gani aliitumia, maua aliyapitisha mara ngapi, na wageni walisema nini. Barua zenye mafunzo tutazichapa katika toleo lijalo, insha Allah.